ZIMA, UWASHE: JE, LINUX HUHITAJI KUWASHWA UPYA LINI?

Nina deni, wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili. Deni lenyewe si la pesa. Ni deni la dakika arubaini nilizowapotezea watu kumi na mmoja wa kidato cha nne, na makala haya nayaandika ili nijaribu kulipa kidogo.

Ilikuwa siku ya Jumatano, muhula wa pili. Kama mjuavyo, maabara yetu ya tarakilishi ina mashine kumi na mbili kuukuu zisizo na diski. Ukiketi mbele ya moja unaona kioo, kibodi na kipanya, lakini kazi yote hufanyika ndani ya mashine moja kubwa iliyo pale pembeni, ambayo huendeshwa na Linux. Hiyo ndiyo tunayoiita seva. Siku hiyo watu wa kidato cha nne walikuwa wakiandika mradi wao wa KCSE, kimya kabisa, vidole tu vikisikika. Mimi nilikuwa nimetumwa na mwalimu nitazame printa iliyokuwa imegoma. Nikafungua faili ya mipangilio ya printa, nikabadilisha mstari mmoja tu, nikahifadhi. Nikajaribu kuchapisha. Wapi! Printa ilikaa kama jiwe. Basi nikafanya lile ambalo sote tumelizoea kutoka saiba: nikaamuru seva izime na kuwaka tena.

Vioo kumi na kimoja vikawa vyeusi kwa mpigo mmoja.

"Nani huyo?" sauti ikauliza. "Wee kijana, umefanya nini?" nyingine ikadakia. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mashine iliporudi, wengine walirudishiwa nusu ya kazi yao na programu yenyewe, wengine hawakurudishiwa hata herufi moja. Na ajabu ya Musa ni kwamba printa ilifanya kazi! Nikadhani hapo nimepata wa kunitetea. Mwalimu akanitazama, akaniuliza kwa upole unaouma kuliko kiboko: "Umebadilisha nini?"

"Mstari mmoja wa printa, mwalimu."

"Sasa mstari wa printa na mashine nzima vinahusiana vipi?"

Sikuwa na jibu. Jibu nimelitafuta tangu siku ile, na ndilo hili.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Linux ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka wa 1991, alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu kule Helsinki, Finland. Kwa hakika kile alichokiandika ni kiini tu, kinachoitwa keneli. Juu ya keneli watu wengine wamerundika programu chungu nzima, wakafanya mifumo kamili kama vile Debian, Fedora na Ubuntu. (Hiyo Ubuntu, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka wa 2004 na kundi la Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, jina lake ni la lugha za Kibantu za huko kusini, na kwetu sisi Waswahili ni utu. Nimeitaja kwa sababu hiki ni chama cha lugha.) Keneli ndiyo inayogawa kumbukumbu, inayogawa zamu za kichakataji, inayoshika diski na mtandao. Nyingine zote ni programu za kawaida zinazoomba kwake. Tofauti hii msiisahau, maanake jibu lote limekaa juu yake.

Jambo la pili ni kwamba kitu chochote katika tarakilishi huishi mahali pawili. Kuna kilichoandikwa kwenye diski, na kuna kile ambacho programu imekisoma na kukiweka katika kumbukumbu ilipoanza. Mathalan, naibu wa mwalimu mkuu akibandika ratiba mpya ubaoni, wale waliokwisha kunakili ya zamani wataendelea kufuata ya zamani hadi waambiwe wakanakili tena. Ubao umebadilika lakini vichwa vya watu havijabadilika. Sasa, je, utafunga shule nzima na kuifungua upya ati kwa sababu ratiba ya kidato cha pili imebadilika? La hasha! Utawaita kidato cha pili, uwaambie wanakili.

Ndivyo ilivyokuwa kwa printa yangu. Nilibadilisha ubao. Programu inayosimamia uchapishaji, iitwayo CUPS, ilikuwa bado na ratiba ya zamani kichwani. Nilichopaswa kufanya ni kuamka na kuandika:

sudo systemctl restart cups

Basi. Sekunde moja au mbili. Programu hiyo peke yake ingekufa na kufufuka, ingesoma faili upya, na watu wa kidato cha nne wasingejua hata kwamba kuna jambo limetendeka. Kuzima mashine nzima kulisaidia kwa sababu tu ndani ya kuzima huko CUPS nayo ilizimwa. Ni kama mtu anayeua nzi kwa kubomoa ukuta. Nzi amekufa, naam.

Mabadiliko mengi tunayofanya kila siku ni ya namna hii, na kila moja lina dawa yake ndogo. Umebadilisha mpangilio wa huduma fulani? Anzisha upya huduma hiyo. Umeongeza diski katika faili ya /etc/fstab? Andika sudo mount -a. Umebadilisha vipimo vya keneli yenyewe katika /etc/sysctl.conf? Hata hapo huzimi. Unaandika sudo sysctl -p, na keneli inavipokea ikiwa inatembea. Umemwongeza mwenzako katika kundi la wanaoruhusiwa kusimamia printa? Yeye atoke tu katika kikao chake aingie tena, kwa kuwa makundi ya mtu husomwa anapoingia. Hili la mwisho limewazimisha watu wengi mashine bure, kwani mtu huona kundi limeandikwa lakini ruhusa hakuna, akadhani mfumo umeharibika.

Hadi hapo unaweza kudhani nasema usizime kamwe. Ngoja. Kuna kosa la upande wa pili, na nadhani ndilo baya zaidi kwa sababu halionekani. Mimi nilipozima, vioo vilikuwa vyeusi na kila mtu akajua. Anayekosea upande wa pili haoni kitu.

Ili kulielewa lazima tujue jinsi Linux inavyoshughulikia faili. Katika Windows, faili inayotumiwa na programu kwa kawaida haikubali kuondolewa wala kubadilishwa, kwa hiyo kazi hiyo husubiri mashine iwashwe upya. Ndiyo sababu tumezoea kuambiwa tuzime kila mara. Linux haiko hivyo. Katika Linux jina la faili na faili yenyewe ni vitu viwili. Chukua mfano wa rejista ya darasa. Mwalimu akilifuta jina la Juma kwenye rejista, Juma hatoweki hapo hapo. Bado ameketi kwenye dawati lake, bado anajibu maswali. Anaweza hata kuja mwanafunzi mpya akaandikwa jina lile lile la Juma. Sasa rejista inasema Juma ni yule mpya, lakini waliokuwa wakiongea na Juma wa zamani wanaendelea kuongea naye, hadi wamalize na aondoke darasani.

Faili ndivyo zilivyo. Ukiweka toleo jipya la programu, jina hupewa faili mpya, lakini ile ya zamani hubaki diskini bila jina mpaka programu ya mwisho inayoishikilia iiachilie. (Kumbe hata ukifuta faili kubwa ya kumbukumbu za seva ili upate nafasi, nafasi hiyo hairudi ikiwa kuna programu bado inaiandikia! Unafuta, unatazama diski, bado imejaa, unakuna kichwa. Anzisha upya ile programu na nafasi inarudi.) Uzuri wake ni kwamba unaweza kuweka marekebisho mapya mchana watu wakifanya kazi na hakuna anayesumbuliwa. Ubaya wake ni huo huo. Unaweza kuweka marekebisho ya usalama, ukaona yameingia vizuri, ukaenda zako nyumbani ukilala usingizi mnono, kumbe programu bado inatembea na yule Juma wa zamani mwenye kasoro.

Jambo hili liliwahi kuhangaisha dunia. Tarehe 7 Aprili 2014 ilitangazwa kasoro iliyoitwa Heartbleed. Ilikuwa katika OpenSSL, maktaba ya programu inayotumiwa na tovuti nyingi kuficha mazungumzo yao na wateja. Mtu wa nje aliweza kuiuliza seva swali la hila, nayo ikamjibu kwa kummwagia hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu yake kwa kila swali, na humo mlikuwa na uwezekano wa kuwamo nywila au hata funguo za siri za seva yenyewe. Dawa ilitolewa siku iyo hiyo, toleo la 1.0.1g. Lakini kuiweka dawa diskini hakukutosha. Seva ya tovuti iliyoanza kabla ya dawa iliendelea kushikilia maktaba ya zamani katika kumbukumbu, na iliendelea kumwaga siri vile vile. Ilibidi kila programu iliyoitumia maktaba hiyo ianzishwe upya. Mashine nzima? Hapana, si lazima. Programu hizo tu, mradi usisahau hata moja.

Na hapo ndipo ugumu ulipo: utajuaje zote? Kuna amri ya kukusaidia. Mifumo ya jamaa ya Debian ina kidude kiitwacho needrestart, ambacho huzipitia programu zote zinazotembea, kikaangalia ni ipi bado inashikilia faili isiyo na jina tena, kisha kikakuorodheshea huduma za kuanzisha upya. Kwenye Ubuntu mpya za seva hujitokeza chenyewe baada ya kuweka marekebisho. Kile kioo cha rangi kinachokuuliza maswali, ambacho wengi wetu hukibonyeza tu bila kukisoma ili kiondoke, ndicho hicho. Kisome, ndugu yangu! Kwa wale wa jamaa ya Fedora na Red Hat kuna needs-restarting.

Sasa tuje kwenye keneli. Programu nyingine yoyote unaweza kuiua na kuifufua kwa sababu keneli ipo chini ikiishikilia dunia. Lakini keneli ikibadilika, nani ataishikilia dunia wakati yeye anabadilishwa? Ukiweka keneli mpya, kinachofanyika ni kwamba faili mpya huwekwa katika folda ya /boot karibu na ile ya zamani. Inayotembea haiguswi. Unaweza kuishi hivyo miezi sita, keneli mpya ikilala kwenye diski bila kufanya kazi hata ya dakika moja. Hapa hakuna hila ya systemctl. Hapa unazima na kuwasha.

Mwezi wa Oktoba 2016 ilitangazwa kasoro ya keneli iliyopewa jina la Dirty COW. Ilikuwa imekaa humo tangu keneli ya 2.6.22 ya mwaka wa 2007, miaka tisa! Kwa kasoro hiyo mtumiaji wa kawaida, mathalan mwanafunzi aliyeketi kwenye mojawapo ya zile mashine kumi na mbili, angeweza kujifanya bwana mkubwa wa seva nzima. Aliyeweka keneli mpya bila kuiwasha alikuwa amenunua kufuli akaliacha dukani.

Nyingine zinazoambatana na keneli katika kundi hili ni chache. Kuna maelekezo madogo ya kichakataji ambayo hupakiwa mwanzoni kabisa mashine inapoamka. Yalikuwa sehemu ya dawa ya kasoro za Spectre zilizotangazwa Januari 2018. Kuna mabadiliko ya maneno ambayo keneli huambiwa inapoamshwa, yale ya GRUB. Kuna dereva za kadi za picha, ambazo kioo chenyewe kinazishikilia. Halafu kuna glibc, maktaba inayotumiwa na karibu kila programu, na dbus, ambayo programu hupitia ili kuongea zenyewe kwa zenyewe. Hizi mbili si keneli, na mtaalamu mwenye subira anaweza kuanzisha upya programu moja moja. Lakini kama kila kitu kinaitumia glibc, basi kuanzisha upya kila kitu ndiko kuwasha mashine upya kwa jina lingine. Na dbus ukiilazimisha, vikao vya watu vinaweza kuanguka. Hapo mimi sibishani, nazima.

Kujua ni rahisi kuliko mnavyofikiri. Ubuntu huacha kifaili kidogo, /var/run/reboot-required. Kikiwapo, mashine inaomba kuwashwa upya. Kisipokuwapo, haiombi. Karibu yake kuna kingine chenye jina lile lile na mwisho wa .pkgs, kinachotaja kilichosababisha. Pia andika uname -r uone keneli inayotembea, kisha ls /boot uone zilizopo. Kama iliyo mpya zaidi pale siyo inayotembea, umejibiwa. Laiti ningaliangalia kile kifaili siku ile! Hakikuwapo. Hakingekuwapo kwa ajili ya mstari wa printa.

Watu wengine watasema siku hizi keneli inaweza kurekebishwa ikiwa inatembea, kwa hiyo kuzima ni ushamba. Ni kweli kwa sehemu. Mambo hayo yalijulikana kwanza kwa jina la Ksplice, kazi ya vijana wa chuo cha MIT kule Marekani, iliyonunuliwa na Oracle mwaka wa 2011. Keneli ya 4.0 ya mwaka wa 2015 iliingiza msingi wa ufundi huo ndani yake. Huko wanachofanya ni kuelekeza kipande kidogo kibovu kiruke hadi kipande kizima, kama barabara ya kando pale daraja linapojengwa. Hufaa sana kwa kasoro za usalama. Lakini huwezi kuhama kutoka keneli ya zamani hadi toleo jipya kabisa kwa barabara za kando, na kwa hiyo siku ya kuzima inasogezwa tu mbele.

Kuna wengine pia wanaojisifu kwamba mashine yao haijazimwa siku mia nne. Ukiandika uptime unaiona hesabu hiyo, na wanaionyesha kama kikombe cha mpira. Mimi huwauliza kama wanaweka hayo marekebisho ya kutembea. Kama hawaweki, basi wana keneli yenye umri wa siku mia nne, na sioni kikombe hapo.

Isitoshe, kuna sababu moja ya kuzima ambayo haimo katika kile kifaili, na hii nimejifunza kwa kuchomeka mara ya pili. Baada ya ile Jumatano niliapa sitazima seva tena. Nikarekebisha mambo mengi kwa zile dawa ndogo ndogo, hata ile huduma inayogawa anwani kwa zile mashine kumi na mbili nikaiamsha kwa systemctl start. Majuma matatu mambo yalikuwa shwari. Kisha Jumatatu moja asubuhi stima ikapotea. Iliporudi, seva ikaamka, lakini mashine zote kumi na mbili zikabaki zimetukodolea macho. Kumbe start huamsha huduma sasa hivi tu. Ili iamke yenyewe siku zijazo lazima uandike enable, nami sikuandika. Kilichokuwa katika kumbukumbu kilikuwa sawa, kilichokuwa kwenye diski hakikuwa. Ni ule ule ubao na vichwa, ila safari hii umegeuka.

Kwa hiyo ukibadilisha chochote kinachohusu jinsi mashine inavyoamka, hasa /etc/fstab, ambayo kosa lake la herufi moja linaweza kuiacha mashine imekwama ikisubiri neno la siri la bwana mkubwa, ni heri uizime mwenyewe ukiwa umesimama kando yake kuliko stima ikuzimie ukiwa kwenye matatu. Kama huwezi kuzima, angalau andika sudo findmnt --verify uone kama faili hiyo ina makosa, na systemctl is-enabled kwa kila huduma unayoitegemea.

Sasa kazi hiyo tunaifanya Ijumaa. Mchana naangalia kile kifaili. Kikiwapo, au kama nimegusa mambo ya kuamka, naandika ubaoni kwa chaki kubwa: SEVA ITAZIMWA SAA KUMI NA MOJA, HIFADHINI KAZI ZENU. Nasubiri hadi wa mwisho atoke, nazima, nawasha, nahakikisha mashine zote kumi na mbili zimepata anwani na printa imetoa karatasi moja, ndipo nakimbilia gari. Kisipokuwapo, naenda nyumbani mapema. Wale watu wa kidato cha nne wamekwisha nisamehe, isipokuwa mmoja. Huyo, hadi leo, akiniona tu nimekaribia ile pembe ya seva, huhifadhi kazi yake mara mbili.